Wallingford kwa siku moja: namna ya kuusoma mji wa kivukoni

Mgeni akifika Uingereza hupelekwa Windsor, hupelekwa Oxford, hupigwa picha, halafu basi. Kati ya Oxford na Reading, ukingo wa magharibi wa mto Thames, kuna mji mdogo uitwao Wallingford ambao magari ya watalii huupita bila kusimama. Mimi naishi Reading, na ndugu yeyote akija kunitembelea nampeleka Wallingford kwanza, kabla ya kwingine kote. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wanafunzi wetu, wafanyakazi, na wazee wanaokuja kuona wajukuu, ambao wana siku moja tu na wangependa kuielewa nchi hii kuliko kuikimbilia.

Anza na jina, maana ndilo ufunguo. Miji mingi ya Kiingereza inayoishia na "ford" ilizaliwa mahali ambapo mto una kina kifupi, mtu anaweza kuuvuka kwa miguu. Oxford ni kivuko cha maksai. Wallingford ni kivuko cha watu wa Wealh, jina la mtu wa kale. Mtu wa Kivukoni au wa Likoni haelezwi mara mbili hapo: watu wanapovukia ndipo soko linapoota, ndipo ushuru unapodaiwa, ndipo na askari wanapowekwa. Ukilishika hilo moja, kila jiwe utakaloliona Wallingford litakuambia kwa nini lipo.

Saa zote nitakazotaja hapa ni saa za Kiswahili.

Hatua ya kwanza: chagua siku, kisha viatu

Ijumaa ni siku ya soko, na ndiyo siku ninayoipenda. Nenda kati ya Aprili na Oktoba, kwa sababu makumbusho ya mji hufungwa majira ya baridi, na pia kwa sababu Thames ikifurika huingia malishoni na kukufungia nusu ya safari. Angalia siku za makumbusho kufunguliwa kabla hujatoka nyumbani, maana hayafunguliwi kila siku.

Kutoka London panda treni Paddington hadi Reading, kisha basi la kwenda Oxford linalopitia Wallingford. Aliyeko Oxford apande basi hilohilo kutoka upande wa pili. Kipo pia kituo cha treni cha Cholsey, kilomita chache kutoka mjini, lakini kituo hicho nakushauri ukitumie wakati wa kurudi. Sababu utaiona mwishoni. Fika kabla ya saa nne asubuhi.

Mji wenyewe ni tambarare na mdogo, barabara kuu unaitembea kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kwa dakika kumi hivi. Mzee mwenye mkongojo hatasumbuka. Ila ngomeni ni nyasi na miinuko, na asubuhi nyasi zina umande mzito, kwa hiyo vaa viatu vilivyofungwa. Mara ya kwanza nilimpeleka mama yangu mkubwa akiwa amevaa kandambili, na hadi saa tano soksi zake zilikuwa zimelowa chapachapa.

Hatua ya pili: nenda mtoni kabla ya kitu kingine chochote

Ukishuka basi, usivutwe na maduka. Shika High Street ukielekea mashariki, moja kwa moja hadi darajani, kisha livuke lote. Daraja lina urefu wa karibu mita 270, ingawa mto wenyewe ni mwembamba kuliko hivyo: sehemu kubwa ya matao yake inasimama juu ya nchi kavu. Wajenzi hawakuwa wakijionyesha. Bonde la ng'ambo hufurika, na daraja lisilolivuka bonde lote lingekuwa halina kazi miezi ambayo watu wanalihitaji zaidi.

Ukifika ng'ambo, shuka malishoni na ugeuke ulitazame ubavuni. Sasa linganisha matao. Mengine yamechongoka juu, mengine ni mviringo. Yaliyochongoka ni ya zamani. Daraja la mawe linahusishwa na Richard, mtawala wa Cornwall, mdogo wake mfalme Henry III, aliyekabidhiwa Wallingford mwaka 1231. Miaka ya 1530, nyumba ya watawa ya mji ilipokuwa imeshafungwa, mawe yake yalitumika kulitengeneza daraja. Mwaka 1646 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe matao manne yalibomolewa ili pawekwe sehemu za kuinua na kushusha, adui asipite. Mahali hapo pakazibwa kwa mbao hadi mwaka 1751 yalipojengwa upya. Mwaka 1809 mafuriko yakalivunja tena, likajengwa na kupanuliwa.

Kwa hiyo unapotazama mstari mmoja wa matao unatazama zaidi ya miaka 500 ya fundi mmoja kuishona kazi ya fundi mwingine. Simama karibu, chini ya tao la nchi kavu, uweke kiganja ukutani. Mawe ya kale kingo zake zimelika hadi zimekuwa duara, mengine yana vishimo vidogo kama mkate. Ya karibuni bado yana pembe. Mama mkubwa alizaliwa Pangani, amevuka kwenda Bweni tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Alipapasa ukuta ule, akanyamaza kidogo, akauliza, "Mwanangu, hawa nao walikuwa wanalipa kuvuka?" Nikamwambia walilipa: madaraja ya namna hii katika zama za kati yalitunzwa kwa ushuru ulioruhusiwa na mfalme. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na jirani.

Mashua nyembamba ndefu utakazoziona zikipita kwa kasi ni za wapiga makasia. Klabu ya Chuo Kikuu cha Oxford, inayoshindana na Cambridge kila mwaka, ina banda lake hapa Wallingford, kwa kuwa mto hapa ni mpana na umenyooka kwa mwendo mrefu.

Hatua ya tatu: ukiwa ng'ambo, usirudi upesi

Kijiji ulichosimama kinaitwa Crowmarsh. Wageni wengi hugeukia darajani hapohapo. Wewe tembea dakika tano zaidi, kwa sababu upande huu una habari zinazotuhusu sisi moja kwa moja.

Hapa ndipo alipoishi Jethro Tull, mkulima aliyetengeneza mashine ya kupandia mbegu karibu mwaka 1701. Kabla yake mbegu zilitupwa kwa mkono zikaanguka popote. Mashine yake iliziweka kwenye mistari, kwa nafasi sawa, ardhini kwenye kina kinachofaa, ili mkulima apite katikati kupalilia. Bwana shamba akikuambia upande mahindi kwa mstari, usimwage mbegu ovyo, anasema jambo ambalo Tull alilipigania katika mashamba haya.

Karibu na hapo, Howbery Park, tangu mwaka 1951 kumekuwa na kituo cha utafiti wa maji na mikondo, ambako bandari na mito hutengenezwa kwa udongo na zege kwa kipimo kidogo ndani ya mabanda, ili wahandisi waone mawimbi yatafanya nini kabla hawajamwaga fedha baharini. Na jirani yake palikuwa na Taasisi ya Haidrolojia, ambayo leo ni sehemu ya kituo kikubwa zaidi cha ikolojia na maji. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa ametoka Muguga, nje kidogo ya Nairobi, alikokuwa akifanya utafiti katika shirika la kilimo na misitu la Afrika Mashariki.

Wenye umri mkubwa wanazikumbuka mvua za mwaka 1961, zile ambazo watu waliziita mvua za uhuru. Kati ya mwaka huo na 1964 Ziwa Victoria lilipanda karibu mita mbili na nusu, likameza magati na mashamba, na halikurudi upesi mahali pake. Wengi walilishuku bwawa la Owen Falls kule Jinja, lililokamilika mwaka 1954. Miaka ya 1980 wataalamu wa taasisi hii waliketi hapa, ng'ambo ya daraja la Wallingford, wakapiga hesabu ya maji ya ziwa zima: mvua inayoanguka juu yake, mito inayoingia, kinachopotea kwa jua, kinachotoka Jinja. Hesabu iliposimama, ikaonyesha kwamba mvua zenyewe zilitosha kuueleza ule mpando. Majengo hayo si ya kutembelewa na umma, utayaona kwa nje tu. Lakini mimi kila nikipita hapo huwaza juu ya wavuvi wa Mwanza na Kisumu, na kwamba swali lao lilifanyiwa kazi mahali hapa penye ukungu na bata.

Pembezoni mwa mji yapo pia makao makuu ya CABI, shirika la kimataifa la kilimo lenye ofisi Nairobi, linalojulikana kwetu kwa kupambana na wadudu waharibifu wakiwemo viwavijeshi vamizi.

Hatua ya nne: rudi darajani, ingia kanisa la Mtakatifu Petro

Kanisa hili liko upande wa mjini, hatua chache kutoka darajani, na mnara wake mwembamba wenye matundu kama kazi ya nakshi utakuwa umeuona tangu ng'ambo. Mnara ulisanifiwa na Sir Robert Taylor na kujengwa miaka ya 1770. Ibada za kawaida hazifanyiki tena humo, linatunzwa na mfuko wa hifadhi ya makanisa. Ukikuta mlango umefungwa, soma tangazo lililobandikwa.

Chini ya kanisa hilo amezikwa Sir William Blackstone, aliyefariki Februari 1780. Hapa omba wenzako wasimame kidogo. Blackstone alikuwa mwanasheria, akawa jaji, na kwa miaka mingi alikuwa mshauri wa kisheria na hakimu wa mji huu, cheo alichokishika tangu 1749. Kati ya 1765 na 1769 alichapisha vitabu vinne vilivyoieleza sheria ya Uingereza kwa lugha ambayo mtu asiye wakili aliweza kuifuata. Kabla yake sheria ile ilikuwa imetawanyika katika hukumu za mamia ya miaka. Aliyetaka kuijua ilimbidi akae miguuni pa mawakili wa London. Vitabu hivyo vilisafiri kokote ambako bendera ya Uingereza ilifika, na Marekani viliendelea kusomwa hata bendera iliposhushwa.

Kwetu sheria hiyo iliingia kwa tarehe zinazojulikana. Kenya ilipokea sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, Uganda tarehe 11 Agosti 1902, Tanganyika tarehe 22 Julai 1920, na hadi leo tarehe za Kenya na Tanganyika zimo katika sheria za Kenya na Tanzania. Mwanafunzi wa sheria wa Dar es Salaam au Makerere hujifunza kwamba ni heri watu kumi wenye hatia waponyoke kuliko mmoja asiye na hatia aumie. Kauli hiyo ni ya Blackstone. Amelala hapa, kando ya mto, katika kanisa ambalo watu hulipita wakienda kulisha bata.

Ukitoka, pita njia ndogo ya Thames Street kuelekea kusini hadi kanisa la Mtakatifu Leonard. Usikae sana. Lizunguke kwa nje utafute sehemu ya ukuta ambayo mawe yake yamelazwa kwa mshazari, mstari mmoja kushoto na wa pili kulia, kama mifupa ya samaki au kama ukili wa mkeka. Uashi wa namna hiyo ni wa karibu miaka elfu moja. Kanisa liliharibiwa na askari mwaka 1646 na kukarabatiwa kwa upana mwaka 1849, lakini ule ukuta ulibaki.

Hatua ya tano: sokoni, na chakula cha mchana

Uwanja wa soko uko katikati ya mji. Jengo lililosimama juu ya nguzo, chini wazi na juu lina chumba, ndilo ukumbi wa mji, la mwaka 1670. Chini palikuwa kivuli cha wachuuzi, juu palikaa baraza na mahakama. Kaa chini ya nguzo hizo ule ulichobeba. Siku ya Ijumaa meza za mboga na samaki huwa palepale, na sokoni kuna mikahawa ya kutosha. Jengo lenye uso wa mawe upande mwingine wa uwanja ni soko la nafaka la mwaka 1856. Leo ni ukumbi wa maigizo na sinema unaoendeshwa na wenyeji kwa kujitolea.

Nyuma yako ni kanisa la Mtakatifu Maria. Mji huu katika zama za kati ulikuwa na makanisa zaidi ya kumi. Leo ya kale yaliyobaki ni matatu, na wewe umeshayaona yote. Yalikwenda wapi? Tauni kubwa ya mwaka 1349 iliua watu wengi. Lakini pigo la pili ndilo linaloeleza zaidi, nalo halikuwa ugonjwa wala vita. Mwaka 1416 watu wa Abingdon, mji ulio juu zaidi ya mto, walijenga daraja lao. Wafanyabiashara waliokuwa lazima wapitie Wallingford wakapata njia nyingine, wakahama na mizigo yao. Mji ulioishi kwa kivuko ulidhoofishwa na kivuko cha jirani. Ndiyo maana leo hauna viwanda vikubwa wala majengo marefu, na ndiyo maana ramani yake ya kale haijafutwa.

Atakayelala mjini asikilize kengele ya kanisa hili saa tatu usiku. Mfalme William aliamuru moto uzimwe kila nyumba saa mbili usiku, na wenyeji husimulia kwamba Wallingford iliongezewa saa moja kwa ajili ya fadhila yake ya mwaka 1066. Fadhila gani? Hiyo ndiyo hatua inayofuata.

Hatua ya sita: ngome, na hapa usiharakishe

Kutoka njia panda ya High Street shika Castle Street kuelekea kaskazini hadi bustani za ngome. Niseme mapema ili moyo usivunjike: hutakuta minara wala lango kuu. Utakuta kilima kirefu cha udongo, mahandaki makubwa yaliyoota nyasi, vipande vya kuta, na magofu ya chuo cha kidini cha Mtakatifu Nicholas. Anayetaka ngome iliyokamilika ameshaiona Windsor, tena baadhi ya mawe na madini ya risasi ya mapaa ya Wallingford vilichukuliwa kupelekwa hukohuko katika karne ya 16. Panda juu ya miinuko, tafuta mahali pa kukaa unapouona mto, halafu simulia. Mahali hapa pamejaa visa kuliko majumba mengi yenye mapaa.

Oktoba 1066 William wa Normandy alishinda vita Hastings, lakini London haikumfungulia. Akazunguka kusini mwa Thames akitafuta pa kuvukia, akafika hapa. Bwana wa mji, Wigod, hakumzuia. Ni hapa pia ambapo Stigand, askofu mkuu wa Canterbury, alikuja kujisalimisha kwake. Krismasi ya mwaka huo William alivishwa taji. Mara moja akaagiza ngome ijengwe kukilinda kivuko. Aliyeijenga, Robert D'Oyly, alimwoa binti wa Wigod.

Miaka 70 baadaye ukoo wa kifalme uligawanyika. Empress Matilda, binti wa mfalme aliyefariki, alidai kiti. Binamu yake Stephen alikuwa ameshakikalia. Nchi ikaumia karibu miaka 20. Bwana wa Wallingford wakati huo, Brian Fitz Count, alisimama na Matilda hadi mwisho. Desemba 1142 Matilda alikuwa amezingirwa ndani ya ngome ya Oxford, chakula kimekwisha, theluji imetanda. Usiku akatoroka na wapiganaji wachache, wamejifunika nguo nyeupe ili wasionekane juu ya theluji, wakavuka mto ulioganda, wakatembea hadi Abingdon, na kutoka huko akafika hapa, ndani ya kuta hizi. Ukitoka na basi la Oxford asubuhi, tazama nje dirishani: ni kilomita 20 hivi, na sehemu yake aliitembea kwa miguu usiku wa baridi ile.

Stephen alijaribu kuichukua ngome hii tena na tena. Alijenga hata ngome ndogo ng'ambo, Crowmarsh, ulikopita asubuhi, ili akizibe kivuko. Hakufaulu. Mwaka 1153 Henry, mwana wa Matilda, alikuja na jeshi kuiokoa, na majeshi mawili yakatazamana na maji katikati. Hapo wakuu wa pande zote mbili walikataa kupigana. Stephen na Henry wakazungumza, mto ukiwa baina yao, na mapatano yakaanza: Stephen atawale hadi kufa kwake, Henry arithi. Mwaka uliofuata akarithi. Mwaka 1155 Henry II aliulipa mji kwa hati ya kifalme yenye haki za biashara na kujiendesha, kwa kutaja huduma waliyomfanyia kuupata urithi wake.

Simulia hilo ukiwa unauona mto. Upana wake ni mdogo, mtu akipaza sauti anasikika. Binamu yangu wa darasa la sita alisimama ukingoni akaniambia niende ng'ambo tujaribu. Tulijaribu. Anasikika.

Ngome ilipiganiwa mara ya mwisho mwaka 1646. Mfalme Charles I alikuwa ameshajitoa mikononi mwa Waskoti, Oxford ilikuwa imeshasalimu amri Juni, na bado kanali Thomas Blagge alishikilia Wallingford hadi tarehe 27 Julai, baada ya kuzingirwa kwa wiki 16. Ngome iliyokaidi namna hiyo serikali mpya haikutaka kuiacha imesimama. Mwaka 1652 iliamriwa ibomolewe, na ilibomolewa kwa bidii: ndiyo sababu umekaa juu ya nyasi.

Malisho ya chini ya ngome, upande wa mto, yana ng'ombe nyakati fulani za mwaka. Funga kila lango unalopita.

Hatua ya saba: tuta la Alfred

Sasa rudi nyuma zaidi ya ngome. Mwishoni mwa karne ya 9 mfalme Alfred na mwanawe Edward walijenga mlolongo wa miji yenye maboma kujikinga na Wadenmark waliopandisha mito kwa mashua. Katika orodha ya maboma hayo iliyosalia, Wallingford ilitengewa hide 2,400, kipimo cha ardhi kilichoamua idadi ya walinzi, sawa na Winchester. Hakuna mji uliozidi hapo. Tuta la udongo lilizunguka pande tatu, upande wa nne ukalindwa na mto.

Tuta bado lipo. Nenda magharibi mwa High Street hadi uwanja wa Kinecroft, na uwanja wa Bull Croft ulio upande wa pili wa barabara. Mwinuko mrefu unaozunguka ukingo wa viwanja hivyo, ambao watoto huuteremka na baiskeli, ni ukuta wa miaka 1,100. Panda juu yake utembee. Ukitazama mjini utaona barabara zimekatana kwa pembe sawa, mpango uleule wa Alfred.

Makumbusho yako hapohapo, katika nyumba ya kale ya mawe ya gumegume. Ingia baada ya kulitembea tuta. Tafuta sarafu zilizogongwa Wallingford, maana mji ulikuwa na idhini ya kutengeneza fedha. Karibu na makumbusho, ukingoni mwa Kinecroft, kuna sanamu ya shaba ya mwanamke ameketi kwenye benchi. Ni Agatha Christie, mwandishi wa hadithi za upelelezi, na sanamu iliwekwa Septemba 2023. Keti kando yake upumzishe miguu.

Hatua ya nane: toka kwa njia ya Cholsey

Christie na mumewe Max Mallowan, mwanaakiolojia, walinunua nyumba Winterbrook, mwisho wa kusini wa mji, mwaka 1934, na alikaa nayo hadi alipofariki Januari 1976. Nyumba ni ya watu binafsi. Itazame kutoka barabarani, usigonge. Kutoka hapo kuna njia ya miguu ya kupita mashambani hadi Cholsey, mwendo wa saa moja kwa asiye na haraka. Wasioweza kutembea wapande basi au teksi. Siku chache za mwaka huwa kuna treni ya kizamani ya wahifadhi kwenye reli ndogo iliyofunguliwa mwaka 1866. Ratiba yake uiangalie mapema.

Christie amezikwa na mumewe katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Maria, Cholsey, chini ya bamba kubwa la jiwe karibu na ukuta. Nyuma ya ukuta ni mashamba, na treni za London husikika zikipita.

Kituo cha Cholsey kiko karibu. Panda treni ya kwenda Reading, keti dirishani upande wa kushoto, na usifungue simu kwanza. Dakika chache tu baada ya kuondoka, sauti ya magurudumu itabadilika: mko juu ya daraja la matofali la Moulsford, kazi ya mhandisi Brunel ya mwishoni mwa miaka ya 1830, na chini yenu ni Thames ileile, inatoka Wallingford.